Mama Nora Ajibu Mwenyewe

Hagsätra, Stockholm
18 Novemba 2025

Mpendwa Dada Winifrida,

Shikamoo. Vipi mguu, bado unakusumbua? Na shemeji Boniface, kikohozi kimemwacha? Sisi huku tu wazima, ila giza limeshaingia. Saa tisa alasiri tunawasha taa.

Uliniuliza kazi ya wifi yako Ghislaine inaendeleaje. Bado yuko jikoni kwenye nyumba ya wazee, lakini ana mtihani.

Serikali ya huku imetoa fedha ili wafanyakazi wafundishwe kompyuta saa za kazi bila kukatwa mshahara. Mpango mzuri, sina neno. Ila pale kazini kwao walitaka kwanza kujua nani hajui kutumia simu, wakawatumia maswali kwenye simu, tena kwa Kiswidi. Ghislaine akafanya kama tunavyofanya wazazi wengi huku: akampa Nora wetu simu amjibie, yeye akaendelea kukanda unga.

Nora ana miaka kumi na tano na hapendi kushindwa. Akapata yote. Bosi akatangaza kwamba Ghislaine haendi kozi, bali ndiye atakayewafundisha wenzake mfumo mpya wa kuagiza vyakula. Asiyeumudu kufikia Januari, jikoni hana nafasi tena.

Wifi yako alirudi nyumbani, hata koti hakuvua, akaniambia kwa Kiswahili chake cha kwao: "Baba Nora, miye nitafundisha watu nini? Hata kufungula huo mfumo siyui." Nilimshauri aseme ukweli. Aliogopa kuonekana tapeli, na mimi niliogopa, sikufichi. Kesho yake alimweleza bosi kwamba aliyejibu ni binti yake. Bosi akamwingiza kwenye kozi. Basi.

Sasa simu hiyo Nora haigusi. Mama yake anafungua kila kitu mwenyewe, polepole, miwani puani. Jumamosi akafika kwenye ujumbe wa shule. Lo, dada, kumbe "mama" amekuwa akiwaandikia walimu muda wote huo kwa Kiswidi safi kabisa, akiwashukuru, akiwaulizia maendeleo, na kila siku ya kuogelea akimwombea Nora ruhusa kwamba kichwa kinamuuma.

Nilijua patachimbika. Ghislaine hakugomba. Alikaa mezani akamwandikia mwalimu sentensi mbili, zikamchukua jioni nzima: kwamba mama wa Nora ni yeye, na kuanzia sasa atajibu mwenyewe, wamvumilie na Kiswidi chake.

Jana mwalimu akajibu, "Nimefurahi kukufahamu." Nora yuko mwaka wa tatu katika shule hiyo. Ghislaine alinisomea kwa sauti, akaniuliza kama amesoma sawasawa. Nikamwambia ndiyo. Akalia.

Mfumo wa jikoni bado unampiga chenga na Januari haiko mbali, kwa hiyo mkumbuke katika sala zako.

Nisalimie shemeji na Shangazi Asteria. Mungu awatunze nyote hapo nyumbani.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Ludovick