Ndeshi na Faili Lisiloonekana

Marahaba, mjukuu wangu. Huku Chekereni mpunga umeanza kuchanua, na goti la babu yako limetulia.

Unauliza kwa nini programu yako ya lugha ya C inagoma tangu ubadilishe kompaila inayoitafsiria mashine, inadai faili la conio.h halipo. Umenirudisha ujanani, ofisini Moshi mjini. Tulipoletewa kompyuta mpya yenye kompaila nyingine, nami nilipata kosa hilohilo. Nikalinakili lile faili kwa disketi kutoka kompyuta ya zamani. Kompaila ikagoma tena: faili sasa imeliona, ila amri zilizotajwa humo haizipati. Mwenzangu Anasia akacheka.

"Dada Ndeshi, umebeba menyu, jiko umeliacha kule. Faili hilo ni la kompaila ya zamani, si la C yenyewe. Futa mstari unaoliita, uone unakosa nini hasa."

Nikafuta. Kumbe nilikosa kitu kimoja tu, amri ya kusubiri mtu abonyeze kitufe. Nikaweka getchar, iliyomo kwenye stdio.h ya kila kompaila, nikabonyeza Enter, mambo yakaenda. Nawe fanya hivyo.

Muda si mrefu nikaolewa, nikashuka huku kutoka kwetu Kilema, mlimani. Nililia sana, nikiona nimeacha kila kitu. Ndipo nikajiuliza kama alivyosema Anasia: nakosa nini hasa? Nilichokosa hasa kilikuwa sauti ya mama alfajiri, akiongea na ng'ombe wake.

Hiyo sikuitafutia mbadala.

Bibi yako