Mwajuma Amepata Shule

Mpanda mjini

Dada Zainabu, shikamoo.

Kifua kimetulia? Na hizi mvua, dagaa wanakauka kweli hapo Ikola? Sisi huku wazima, na mwanao Mwajuma ni mzima kuliko mimi.

Najua umeshasikia shule yetu imefungwa. Unakumbuka nilivyokuwa nakwambia madarasa yamejaa Wabende, Wakonongo, Wafipa, na watoto wa wachimbaji kutoka Usukuma, mpaka wengine wanakaa madirishani? Mgodi ulipoanza kupunguza watu, kila treni ikawa inaondoka na wanafunzi wangu. Darasa la juu wakabaki wavulana wachache wenyeji, na wasichana wawili tu: Mwajuma na mwenzake Paulina, Mfipa. Bwana Elimu akaja, akachungulia madarasa, akasema ifungwe. Wavulana waende Tabora, mimi niende kufundisha Mwese.

"Na wasichana?" nikamuuliza.

"Warudi kwao, Mwalimu."

Dada, Mwajuma ningemrudishaje? Shemeji ameshapokea posa ya mtoto, na wewe ulimleta kwangu ili asome. Kesho yake nikawachukua wote wawili mpaka shule ya masista. Sista Mkuu akampokea Paulina palepale. Kwa Mwajuma akasita, akanigeukia mimi.

"Huyu Mwislamu. Kwao hawatasema tunataka kumbatiza?"

Sijafungua mdomo, mwanao akajibu, "Mama anataka nisome tu, Sista. Ila Ramadhani nitafunga."

"Funga. Na hesabu utafanya?"

"Nitafanya."

"Basi kalete godoro lako."

Nilitoka nje nikakaa kwenye majani, mtu mzima mimi, machozi yananitoka. Sasa mwambie shemeji, kwa heshima zote, mtoto yuko bwenini, posa airudishe. Akikasirika, mwambie anikasirikie mimi.

Jumapili nilipita kumuaga kabla sijapanda milima kwenda Mwese. Njia nzima najiandaa kumbembeleza asilie. Akatoka mbio, jasho linamtiririka, akanishika mkono.

"Mjomba, nenda salama. Zamu yangu ya rede imefika!"

Akarudi uwanjani bila kugeuka. Nikabaki nacheka peke yangu getini.

Nisalimie bibi yetu, mwambie tumbaku yake naileta mwenyewe. Msalimie na kaka mkubwa anayechonga mitumbwi, na jirani yako anayekuchekesha. Nyie wote nawakumbuka.

Mdogo wako, ambaye sasa analala usingizi,

Rajabu