Kibao Juu ya Mlango wa Masjala

Shoga, usinipigie. Nitaandika tu.

Mama Faili amefariki. Yule wa masjala yetu ya chini ya ardhi, aliyekuwa akiniita mkwe, eti ataniozesha mwanawe.

Asubuhi moto ulizuka huko chini, umeme ukakatika, moshi ukajaa. Juu ya mlango wa dharura kuna kile kibao cha kuonyesha njia ya kutokea, kisichotaka waya wala betri. Ndani kina mirija ya kioo yenye gesi inayoifanya ing'ae yenyewe, ndiyo maana kiliwekwa kule kusiko na dirisha. Mimi mwenyewe nilimwambia, "Giza likiingia, fuata hicho."

Sasa sikia. Gesi ile huchoka, mwanga ukafifia. Ubavuni mwa kibao kuna tarehe ya mwisho, na ilishapita miaka mitatu.

Na mkaguzi ni mimi. Kila mwezi nilikitazama taa za chumba zikiwaka, naandika "kiko sawa". Sikuwahi kuzima taa nikione gizani. Hata mara moja, shoga. Hata mara moja.

Mwenzake aliyeokolewa ameniambia Mama Faili alikataa kurudi naye nyuma, kwenye ngazi za kuingilia. Alikuwa akipapasa ukuta akisema, "Tulia, mkwe wangu alisema kitaonekana."