Vikapu Juu ya Ulezi wa Mama Bhoke

Jumapili, 5 Oktoba. Mwaka mmoja na miezi saba tangu niondoke Iringa. Huku machimboni Nyangoto leo ni jua na vumbi. Mgongo unauma, lakini nia nimeikaza.

Kazi yangu ni kuvuta viroba vya mawe kutoka kwenye duara la Mzee Marwa. Duara ni shimo la dhahabu. Shule niliishia darasa la sita, na kupiga picha hakuna aliyenifundisha.

Mwezi uliopita mke wangu, mama Neema, alinitumia kwa basi furushi la vikapu vya milulu, nyasi za kwetu za kusukia, alivyosuka mwenyewe. Kule kijijini wanunuzi wamepungua. Akaniandikia: "Baba Neema, jaribu huko. Visipotoka naacha kusuka, nakuja tugonge mawe wote."

Hapa wanawake wanagonga mawe kwa nyundo kutwa nzima. Nimeviona vidole vyao.

Sitaki.

Basi Ijumaa nikatoka kazini nipige picha za kuweka mtandaoni. Nilishaona wauza viatu wanavyofanya: bidhaa inalazwa chini, simu inashikwa juu yake, bapa, kama mtu anachungulia kisima. Tatizo likawa cha kutandika. Milulu ina rangi ya nyasi kavu, na mke wangu hupitisha uzi wa zambarau, nikaona kijivu kitaipendezesha. Nikaokota magwangala, yale mawe ya kutupwa yaliyorundikwa kando ya barabara, nikayaponda, nikayatandaza, nikapanga vikapu juu yake. Nikapanda kwenye benchi. Picha ikatoka safi, nikairusha kwenye kundi la matangazo.

Mtu wa Iringa angeona vikapu. Watu wa Nyangoto waliona mawe.

"Hayo ya duara gani?" "Kiroba unatoa vipi, kaka?" "Sogeza simu tuone hapo panapong'aa." Mwingine akauliza kama mabakuli hayo ni ya kuoshea mchanga, maana kwa juu kikapu hakionyeshi kina chake. Kikapu chenyewe hakikupata hata swali moja.

Jana asubuhi Mzee Marwa akaniita. Alikuwa ameonyeshwa picha. Machimboni, kutoka na jiwe la shimo bila ruhusa ni wizi. Nikampa shikamoo, akauliza mawe yako wapi. Nikampeleka nilipotandaza. Akaokota jiwe, akalitemea mate, akalisugua kwa dole gumba, akaligeuza juani. Akaokota jingine. Na jingine. Yote magwangala matupu. Halafu akacheka mpaka kofia ikamwanguka.

"Mura, wewe unauza vikapu ama unajitafutia kesi?"

Mura kwa Kikurya ni kijana wa kiume. Mimi mvi zimeshaanza, lakini kwake bado ni mura.

Alipomaliza kucheka akaniambia anafungua duara jipya na ananitaka humo. Anayeingia haondoki mpaka shimo lizae dhahabu, na jibu analitaka Jumatano. Najua shimo linavyochelewa kuzaa. Lile la kwanza nililiingia nikisema ni miezi mitatu.

Usiku nililala na swali hilo. Asubuhi nikaamka na vikapu.

Mama Bhoke, tunayekula kwake, alikuwa ameanika ulezi kwenye turubai nyuma ya banda lake. Nikautazama ule wekundu wake uliotulia. Nikamwomba niweke vikapu hapo juu.

"Weka. Ila ukinikanyagia ulezi, leo ugali wako nausonga na mchanga wake."

Nikaenda na benchi taratibu. Mara ya kwanza kivuli changu kikalala katikati ya picha, kichwa na masikio yote. Mama Bhoke akauliza kama na mimi nauzwa, na kama kuna mtu atanichukua. Nikahamia upande wa pili wa jua. Ndipo nikakumbuka lile swali la mabakuli. Kikapu kimoja nikakilaza ubavu, kingine nikakijaza ulezi nusu, ili mwanga wa pembeni uingie na giza la ndani lionekane. Nilipiga nyingi, nikabakiza moja, nikairusha kwenye kundi lilelile.

Kabla ya mchana nesi mmoja wa zahanati, mtu wa Tanga, akaandika: "Hicho chenye mfuniko kinaingia mikate mingapi?"

Nililisoma swali hilo mara nyingi kuliko lilivyohitaji. Mtu ameuliza kuhusu kikapu!

Alikuja akachukua viwili. Jioni mwalimu anayeishi naye nyumba moja akaja kuchukua kimoja, akaagiza vingine vya kupeleka kwao likizo. Furushi bado halijaisha. Siwezi kusema tumetoboa. Lakini sasa najua vinatoka, na najua namna ya kuvionyesha.

Jumatano nitamwamkia Mzee Marwa na kumwambia duara jipya siingii. Ataniita mura tena, na pengine atatukana kidogo. Sawa. Nitavuta viroba vya shimo la zamani hadi mwezi ujao, na kila Jumapili nitapanda benchi.

Mama Neema, ukisoma hapa: usishike nyundo. Suka. Nianzie vile vyenye mfuniko, nesi anavisubiri awaonyeshe wenzake. Wiki ya mwisho ya Novemba, kabla hatujapanda mahindi, nashuka stendi ya Iringa. Nguo zangu zitakuwa kwenye kikapu chako kimoja. Hicho sikipigi picha.