Suruali za Mtoto Aliyejificha

Nyumba ya Fundi Cherehani,
Nyuma ya Soko.
Tarehe 9 Juni

Mpendwa dada yangu,

Shikamoo. U hali gani huko, na shemeji, na wanao? Mgongo umetulia? Sisi huku tunavuta pumzi, na kwa hilo namshukuru Mungu.

Uliniuliza kuhusu ule ugonjwa wangu. Daktari wa wanawake alinionyesha kwenye picha: ovari zimejaa vifuko vidogo vidogo, na homoni zimevurugika. Ndiyo maana hedhi huruka miezi, ndiyo maana nina ndevu kidevuni. Mume wangu anasema nimemshinda kwa ndevu. Namwambia basi aniamkie. Ugonjwa wenyewe hauna dawa ya kuumaliza, lakini unadhibitika kwa vidonge, kutembea na kupunguza sukari. Nami nafanya kazi kiwanda cha mikate, ambako hata harufu inanenepesha!

Tatizo ni mama mkwe. Mwaka juzi hedhi iliporuka, alitangaza mtaa mzima kwamba nina mimba. Nilipima, hakuna. Akasema vipimo vinadanganya, mtoto amejificha tu. Akaketi kwenye cherehani yake akashona vishati vya kichanga.

Dada, hakuacha. Alishona vya kutambaa, kisha suruali za kutembelea. Majirani wakaniita Mama Kijana, mwanzo kwa utani. Kicheko kikaisha, jina likabaki. Juzijuzi kinyozi alinisimamisha mchana kweupe: "Mbona humleti tumnyoe?" Nilimtazama usoni, na hakuwa akitania.

Nikaanza kuziona suruali zile kwenye kamba, zimefuliwa. Nani alizichafua sijui. Niliogopa kuuliza.

Kisha vidonge vyangu vikawa vinapotea. Nikamfumania mama mkwe akivimwaga chooni. "Mwanangu, damu ikishuka tutampoteza," akasema, huku akinipapasa tumbo taratibu. Heri angenipiga. Tangu hapo navificha kazini na kuvimezea huko, kama mwizi wa afya yangu mwenyewe.

Jumanne hedhi ilirudi. Nilitaka kupiga vigelegele, maana mwili ulikuwa mwepesi, na ulikuwa wangu. Nikamwambia ana kwa ana: mama, sina mtoto, sijawahi kuwa naye, naumwa na natibiwa. Alifunika cherehani kwa shuka, akatoka.

Haukupita muda wakaanza kuingia. Majirani, na kinyozi nyuma yao, wakavua viatu mlangoni, wakaketi sakafuni. "Pole, Mama Kijana." Unaujua mdomo wangu, nilikuwa na maneno ya kuwatoa mbio. Badala yake nikasikia sauti yangu ikijibu, "Nimeshapoa." Halafu nikalia, dada, kilio cha mfiwa, na walipoondoka nilikuwa bado nalia.

Dawa naendelea nazo, usihofu. Hedhi ikija tena nitafurahi, nimeapa.

Msalimie shemeji, na yule binti yako mcheshi. Mungu awafunike kwa rehema zake. Wanao usiwaambie kwamba walikuwa na mdogo wao huku; wasije wakaniuliza alifananaje, nikawajibu.

Mdogo wako akupendaye, wa tumbo moja.