Barua za Baba, kwa Herufi Nzito

Jumatatu, 6 Oktoba

Maji yalitoka alfajiri. Nilijaza madumu, nikafagia, nikaenda shule. Hesabu, Kifaransa, kisha klabu ya kompyuta. Madamu Claudine ametufundisha maktaba za programu. Ni kazi ambayo wengine wameshaiandika; wewe unaiita kwa jina tu. Ya leo inaingia kwenye sanduku la barua pepe na kukuletea barua zilizomo.

Jioni nilimweleza shangazi Zena. Alicheka mpaka akashika ukuta. "Maktaba haina kitabu hata kimoja! Basi na mi nifungue butiki haina nguo."

Sikucheka. Siku hizi sicheki. Wala silii.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimepata wazo.

Baba alikuwa fundi wa malori Uarabuni. Kupiga simu ilikuwa ghali, lakini ofisi ya gereji ilikuwa na kompyuta. Kwa hiyo alimwandikia Mama barua pepe, karibu kila jioni. Alifariki mwaka jana, akazikwa hukohuko. Kila Ijumaa baada ya kuswali, Mama anasoma barua moja. Kioo cha simu yake kimepasuka, anasoma ameinamisha shingo. Nadhani amezirudia mpaka anazijua kwa ghibu.

Nitazichukua zote kwa programu, nizichape shuleni, nizishone ziwe kitabu. Neno la siri ninalo. Mimi ndiye niliyemfungulia Mama anwani.

Simwambii. Nataka ashtuke kwa furaha.

Jumatano, 8 Oktoba

Umeme ulikatika klabuni. Neema, rafiki yangu wa Uvira, alisema: "Ee Salima, kompyuta yako inafunga Ramadhani?"

Hakuna zaidi ya hapo.

Alhamisi, 9 Oktoba

Programu imefanya kazi. Barua zilishuka kwenye skrini kama maji. Jina la Baba, jina la Baba, jina la Baba. Sikusoma. Zilienda haraka mno.

Kisha zikasimama. Ya mwisho ilibaki chini, fupi, nikaisoma kabla sijafikiri. Baba anamwomba Mama anisimamishe peku juu ya karatasi, azungushe kalamu kwenye mguu wangu, apime, amtumie kipimo. Ameona viatu vyeusi vya shule.

Ni barua ya wiki aliyofariki.

Hakuna aliyewahi kunipima mguu. Labda Mama alisahau. Nilihifadhi zote kwenye flashi, nikarudi nyumbani, nikala wali na maharage. Sikuhisi kitu.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimeharibu.

Mama alimaliza kuswali, akabaki kwenye mkeka, akachukua simu. Alipandisha orodha ya barua kwa kidole, akaishusha. Kisha akauliza, "Salima, nani amefungua?"

Sikuelewa. Akanielewesha polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto kutunga uzi. Baba alipokuwa hai, Mama hakuwa na mega za intaneti za kutosha. Baba aliandika haraka kuliko yeye alivyosoma. Barua zikarundikana bila kufunguliwa, jina la Baba kwa herufi nzito, alama ya barua isiyosomwa. Alipofariki, Mama hakuzifungua kwa pamoja. Anafungua moja kila Ijumaa, kwa kufuata tarehe. Harudii. Zilikuwa mpya.

"Kila Ijumaa mi nilikuwa na bwana bado," alisema. "Sasa zote zimekuwa za zamani. Hata sijui nilifika wapi."

"Mi sikujua, Mama."

"Najua, mwanangu."

Hakugomba. Alikwenda kukaa kwenye cherehani, miguu juu ya pedali, bila kukanyaga.

Kwa maktaba ile, kuchukua barua ni kuifungua. Hakuna aliyeniambia. Na mimi sikuuliza.

Sasa najua kuhusu viatu. Mama hakusahau; hakuwa ameifikia barua ile.

Jumamosi, 11 Oktoba

Mama alishona mkono wa shati la mteja kinyume. Akaufumua. Akaushona tena kinyume.

Shangazi Zena alisema kilichofunguliwa hakifungiki, niache kumtazama Mama hivyo, niende kununua mkaa. Nilikwenda mpaka sokoni Mutakura. Nilirudi na mkaa. Mikono myeusi. Ndani yangu hamna kitu.

Jumanne, 14 Oktoba

Nilimwambia Madamu Claudine yote. Alivua miwani. Akasema kuna njia ya kuchungulia barua bila kuifungua, alikuwa ameiweka kwa somo lijalo. Aliomba radhi. Sijawahi kuona mwalimu akimwomba mwanafunzi radhi.

Kila barua ina bendera ndogo. Barua ikifunguliwa, bendera inapanda. Maktaba hiyohiyo inaweza kuishusha. Lakini inashusha ile unayoitajia tu, na haikumbuki zipi zilikuwa zimesomwa tangu mwanzo.

Jioni nilimwuliza Mama ya mwisho aliyosoma ilisema nini.

Alifikiri. "Paka wa gereji alizaa ndani ya kofia ya dereva." Mdomo wake ulitaka kucheka, ukaacha. "Dereva akaendesha kichwa wazi juma nzima, apana kuwasumbua watoto."

Alhamisi, 16 Oktoba

Umeme ulikuwepo. Programu ilitafuta neno "paka", na safari hii ilichungulia tu. Ilipata barua moja. Kuanzia inayofuata hadi ya mwisho, nilishusha bendera zote. Mikono ilitetemeka. Nilifurahi kidogo kwamba ilitetemeka.

Neema alisimama nyuma yangu akisali kwa sauti ya chini, kwa dini yake. Sikumzuia.

Nilifungua sanduku kutazama. Jina la Baba, kwa herufi nzito, kutoka juu hadi kwa paka.

Nilifuta barua zilizokuwa kwenye flashi. Kitabu hakitashonwa.

Ijumaa, 17 Oktoba

Mvua tangu asubuhi.

Mama aliswali, akachukua simu, akaitazama bila kuigusa. "We ulisoma ngapi?"

"Moja, Mama. Ile ya mwisho."

"Usinambie."

"Sitasema."

Akafungua iliyofuata ile ya paka. Alisoma ameinamisha shingo. Katikati akasema, "Heee, huyu bwana!" na akaendelea kusoma. Sijui Baba aliandika nini. Sikuuliza.

Baadaye cherehani ilianza.

Ile yangu, ya viatu, iko mwisho wa foleni. Mama akiifikia atanisimamisha juu ya karatasi, najua. Mguu utakuwa umekua. Nimeweka kando karatasi kubwa.