Wiki ya Kumtafuta Dereva

Jumatatu, 10 Machi 2025

Sketi tatu za shule, zipu mbili. Asubuhi Mama Byron, mwenye plot, alisimama mlangoni pangu kulalamika ati cherehani yangu inampasua kichwa. Redio ya mwanawe inayotingisha mabati haimpasui! Nani hubishana na mwenye nyumba?

Saa tisa mchana — breki, halafu kishindo. Nilikimbia na watu hadi kwenye kona. Lori la mchanga, la kutoka Sondu. Chini yake pikipiki ya Byron. Byron mwenyewe alikuwa huku na huku. Sitaandika zaidi. Mama yake alifika na mwiko mkononi, bado una ugali. “Wuololo, nyathina!” Mtoto wangu, mtoto wangu. Akajitupa kwenye damu, mimi nikamshika kiuno. Gauni langu lote limeharibika.

Watu wa bodaboda wakachoma lori. Dereva alikuwa ameruka na kupotelea nyuma ya vibanda. “Ere dereva?” — dereva yuko wapi — na kila mmoja ameshika jiwe.

Nilirudi kubadilisha gauni. Nyuma ya pazia, sakafuni, kuna mtu. Waswa! Ndugu yangu, kitinda mimba wa mama. Mimi nilijua anaendesha trekta Bungoma. Kifundo cha mguu kimefura, hawezi kusimama. “Yaya” — dada — “ni mimi nilikuwa kwa usukani.”

Milango yote ya mtaa huu wa Manyatta, akachagua wangu.

Jumanne, 11 Machi

Wanapita nyumba kwa nyumba. Gordon, mwenyekiti wa steji ya bodaboda, yuko mbele na rungu. Wana video kwa simu: mgongo wa dereva akikimbia, jaketi ya kijani yenye ukanda wa manjano. Sura haionekani. Mtu amewaambia ni Mluhya, kama mimi. Basi! Wamevunja kibanda cha mama wa mboga kwa sababu anatoka Kakamega. Kinyozi wamemtoa meno mawili, na yeye hata baiskeli hajui kuendesha.

Walifika kwangu. Waswa chini ya kitanda, nyuma ya magunia ya vitambaa. Nilikuwa nimekaa nje kwenye mkeka, kichwa cha Mama Byron mapajani mwangu, nimemshikilia tangu alfajiri. Gordon akasema, samahani mama, lazima tuangalie hata huyu. Mama Byron akainua kichwa. “Gordon! Huyu ndiye alinitoa kwa damu ya Byron. Nyumba ya Nasike mtu asiguse.”

Wakapita.

Nikapiga simu kituo cha polisi. Askari akasema wao wako wanne, pikipiki ni mia tatu, tutulie. Sikumwambia nina nani.

Jumatano, 12 Machi

Waswa alikuwa amesema breki zilikataa. Leo nikamuuliza tena, nikimkanda mguu kwa maji moto. Akalia. Alikuwa anasoma meseji. Msichana fulani! Nilimpiga kofi, nikampiga la pili, nikamziba mdomo kwa mkono huohuo ili asipige kelele. Akaniuma. Tumepigana sakafuni kama paka, bila sauti, watu wazima, huku nje wanaimba nyimbo za kilio.

Kutoka hakuwezekani. Wamekaa kwenye kona zote mbili, kila gari linasimamishwa, kila gunia linachomwa kisu.

Mchana Mama Byron akaniletea suti ya marehemu. Nipunguze kiuno, alikuwa amekonda. Akakaa hapo kwenye stuli akinitazama nikishona, hatua tatu kutoka kitandani. Aliniambia Byron alizaliwa hospitali ya Kombewa siku ya mvua, akakataa kunyonya siku mbili. Nilishona mguu mmoja wa suruali mara mbili. Sikuuliza kama wataihitaji yote miwili.

Juzi asubuhi nilimtukana huyu mama moyoni. Leo nampenda, na ninamwibia.

Alhamisi, 13 Machi

Nimefanya ujinga.

Jaketi ya Waswa. Ningeichoma, lakini nailoni ikiungua mchana plot nzima inakuja kuuliza. Ningeikatakata — na hapa ndipo nimejilaani — nguo ilikuwa nzuri. Mkono wa fundi haukati ovyo nguo nzima. Nikafumua ule ukanda wa manjano, nikabadilisha vifungo. Nilikuwa nimeiweka mezani kutafuta pa kuificha, mara Wafula huyo mlangoni, muuza makaa wa ng'ambo ya barabara, na shati la kutiwa kiraka. Akaishika jaketi. “Hii ni ya nani, dada?”

Ulimi ukaenda wenyewe. “Yako, ukitaka.”

Alifurahi! Ana watoto watatu na shati moja. Huyu ndiye aliyebeba cherehani yangu kichwani siku niliyohamia hapa. Nikamwambia asivae wiki hii. Akiulizwa aseme alinunua soko la Kibuye, kwa sababu mwenye nguo hataki ijulikane. Akacheka, akasema sisi watu wa nyumbani hatusemani.

Ijumaa, 14 Machi

Saa tano asubuhi. Naandika kwa sababu mkono ukikaa bure utafungua mlango.

Leo wamekifukuza kifo, kama desturi yao ya msiba. Zamani ilikuwa ng'ombe na mikuki, leo ni pikipiki — mamia, matawi yamefungwa mbele, honi, moshi, wanaume wamesimama juu ya viti wakipiga hewa kwa marungu. Walienda hadi kwenye ile kona, wakarudi. Watu wote walitoka kutazama. Na Wafula, kwa heshima ya msiba, akavaa nguo yake bora.

Niliona kutoka mlangoni. Gordon alimpita, akasimamisha pikipiki, akarudi nyuma. Akamgeuza. Mimi fundi wa miaka kumi na minne sikuliona hili: pale ukanda ulipokuwa, kijani hakikuchujuka. Mgongoni kuna mstari mzima, mbichi, kwa jua unaonekana hadi barabarani.

Rungu la kwanza lilimpata sikioni. Akapiga magoti. “Nilinunua! Nilinunua Kibuye!” Wakamburuta hadi steji. Mke wake amejitupa juu yake, wamemvuta kwa nywele. Sikio halipo. Nikaona tairi linabingirishwa kutoka kwa fundi wa pancha.

Nikaingia ndani nikafunga. Mimi! Niliyekuwa nawatukana waoga wote wa plot hii.

Polisi: simu inaita tu.

Waswa amesikia yote. Ametambaa kutoka chini ya kitanda, ameshika ukingo wa cherehani, amesimama kwa mguu mmoja. “Fungua, yaya. Huyo hakufanya kitu. Ni mimi.” Nimekaa sakafuni, mgongo kwenye mlango, ufunguo ndani ya sidiria. Nikimfungulia, nitamwambia mama nini? Nisipomfungulia, wale watoto watatu nitawaangalia na macho gani? Nimemwambia angoje kidogo. Angoje nini, sijui. Anavuta bega langu. Hana nguvu, amekula kidogo siku nne. Sasa ameacha kuvuta, analia tu, paji la uso kwenye magoti yangu.

Huko steji Wafula bado anasema Kibuye. Sauti imekuwa ndogo. Angetaja jina langu mara moja tu, wangemwacha na kuja hapa. Hataji.

Hatua nje. Mkono unabisha mlango, pole pole, juu kidogo ya kichwa changu.

“Nasike? Nasike mwanangu, uko ndani? Wamempata. Toka unishike mkono twende, mimi siwezi kumwangalia peke yangu.”

Waswa ameinua uso. Ananiangalia.

Mama Byron anabisha tena.